Gurudumu la ndege ya mafunzo likichomoka wakati wa kuruka

Tarehe 9 Septemba 2018, msichana wa miaka 17 aliingia peke yake kwenye ndege ndogo ya mafunzo aina ya Piper PA-28 katika uwanja wa ndege wa Beverly, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya masafa marefu bila mwalimu pembeni. Akaongeza moto, ndege ikakimbia, ikainuka. Wakati inainuka, gurudumu kuu la upande wa kulia likachomoka na kubaki chini.

Yeye hakuliona. Kwenye Piper PA-28 mabawa yapo chini ya viti, kwa hiyo rubani akichungulia dirishani anaona bawa, haoni magurudumu. Aliyeona ni rubani mwingine, naye akawaambia waongoza ndege. Taarifa ikamfikia msichana kwa redio akiwa tayari yuko hewani.

Baadaye alitua, ndege ikaserereka hadi kwenye nyasi, na yeye akatoka bila kuumia. Sauti za mazungumzo yake na mnara wa kuongozea ndege zilirushwa na vituo vingi duniani.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini gurudumu la ndege ndogo huchomoka, rubani hufanya nini, na wewe msikilizaji unayeishi karibu na kiwanja cha ndege unaweza kusaidia vipi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: ndege iliyopoteza gurudumu bado inaruka vizuri. Hatari ipo kwenye sekunde chache za kutua, na rubani anaweza kujiandaa kwa sekunde hizo iwapo tu kuna mtu aliyemwambia.

MIGUU YA NDEGE NDOGO IKOJE

Ndege nyingi za mafunzo, kama Cessna 172 na Piper PA-28, zina magurudumu matatu. Mawili makuu yako chini ya mwili au chini ya mabawa, moja kila upande. La tatu liko mbele, chini ya injini. Yale mawili makuu ndiyo hubeba uzito mwingi na ndiyo yanayotakiwa kugusa ardhi kwanza wakati wa kutua. La mbele kazi yake kubwa ni kuelekeza ndege ikiwa inatembea chini, kama usukani wa gari.

Ndege hizi si nzito sana. Ikiwa imejaa mafuta na watu, Cessna 172 ina uzito wa takriban kilo 1,100, yaani karibu sawa na gari dogo la abiria. Lakini gari halidondoshwi chini kutoka hewani, na ndege ndogo hugusa ardhi ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 90 hadi 100 kwa saa.

Ndiyo maana mguu wa ndege una kitu cha kupunguza kishindo. Kwenye Cessna 172 miguu mikuu ni vyuma vinavyonesa kama spring'i ya gari. Kwenye Piper PA-28 kila mguu una shokapu ya mafuta na hewa: bomba moja linaingia na kutoka ndani ya jingine. Ili bomba la chini lisizunguke wala kuchomoka, mabomba hayo yameunganishwa kwa vyuma viwili vilivyokunjana kama mkasi na kufungwa kwa bolti. Bolti hiyo ikikatika, au mkasi huo ukivunjika, bomba la chini linaweza kutoka lote pamoja na gurudumu lake.

KWA NINI HUTOKEA WAKATI WA KURUKA

Watu wengi hudhani kuwa gurudumu huharibika wakati wa kutua tu. Kweli, kutua kwa kishindo ndiko huumiza mguu wa ndege. Ila maumivu hayo yanaweza kukaa ndani ya chuma siku nyingi na kuonekana wakati mwingine kabisa.

Ndege ya mafunzo ina maisha magumu. Ndege ya abiria hutua mara chache kwa siku, tena mikononi mwa rubani mzoefu. Ya mafunzo inaweza kutua mara sita au zaidi ndani ya saa moja, kwa sababu mwanafunzi anajifunza kutua: anagusa ardhi, anaongeza moto, anaruka tena, anazunguka, anarudi. Baadhi ya miguso hiyo ni laini, mingine ni ya kubamiza. Kila kubamiza kunaweza kuacha ufa mdogo usioonekana kwa macho, na ufa huo hukua polepole. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika hata kama hukuuvuta kwa nguvu. Chuma cha ndege nacho huchoka hivyo hivyo.

Wakati wa kuruka, mguu hupata kazi mbili kwa mpigo. Kwanza, ndege ina tangi lililojaa, kwa hiyo ndipo inapokuwa nzito kuliko wakati wowote wa safari, na inakimbia kwa kasi juu ya kila shimo na kila jiwe. Pili, ndege inapoinuka, uzito unaondoka juu ya mguu ghafla. Shokapu iliyokuwa imebanwa inajinyoosha na gurudumu linaning'inia. Kama bolti ilikuwa imeshakatika, hapo hakuna tena kinacholishikilia.

Sababu nyingine zinazojulikana ni hizi:

- Kutu, hasa kwa ndege zinazolala nje karibu na bahari.
- Bolti au nati ambayo haikurudishwa sawasawa baada ya matengenezo.
- Beringi iliyoisha au rimu iliyopasuka.
- Njia mbovu ya kurukia: mashimo, mawe, vichuguu, au nyasi ndefu zilizoficha vitu.
- Mtikisiko wa gurudumu la mbele, ambao dereva wa pikipiki iliyolegea uma wa mbele atauelewa mara moja.

Kwa sababu hiyo rubani, hata mwanafunzi, hufundishwa kuizunguka ndege kwa miguu kabla ya kila safari. Anainama, anatazama tairi, anaangalia kama shokapu imezama kuliko kawaida, kama kuna mafuta yanayovuja, kama kila bolti ina kifungo chake. Mbali na hapo, mafundi hukagua ndege kwa kuhesabu saa ilizoruka, na ukaguzi mkubwa wa kawaida kwa ndege za mafunzo hufanyika kila baada ya saa 100. Ukaguzi hupunguza hatari, ila nyufa nyingine hujificha ndani ya chuma.

RUBANI HUFANYA NINI

Kama gurudumu linachomoka ndege ikiwa bado chini na njia iliyobaki ni ndefu, rubani huondoa moto na kusimama. Ndege itaharibika, lakini haitakuwa imeondoka ardhini.

Kama ndege imeshaondoka ardhini, kanuni inabadilika kabisa. Hizi ndizo hatua zinazofundishwa.

Kwanza, endelea kurusha ndege. Bawa halijali kama kuna gurudumu chini yake. Rubani anayepata hofu akageuza ndege ghafla ikiwa chini na mwendo mdogo anaweza kuipoteza hapo hapo, jambo ambalo ni baya mara nyingi zaidi kuliko kutua kwa magurudumu mawili. Kwa hiyo anapanda kwanza hadi kimo salama, kwa kawaida karibu futi 1,000 juu ya ardhi, yaani mita 300, ndipo anawaza.

Pili, sema. Kwenye redio, rubani aliye hatarini huita "meidei" mara tatu. Neno hilo limetokana na Kifaransa, na maana yake ni "nisaidieni". Kwa tatizo ambalo bado halijatishia maisha moja kwa moja, huita "pan-pan" mara tatu. Akiwa mbali na mnara wowote, kuna masafa ya dharura yanayotumika dunia nzima, 121.5 megahezi.

Tatu, hakikisha. Rubani huombwa apite chini chini mbele ya mnara ili watu wenye darubini watazame ni nini hasa kimetoka: tairi tu, gurudumu zima, au mguu wote. Kila jibu lina namna yake ya kutua.

Nne, tumia muda. Piper PA-28 yenye tangi lililojaa hubeba karibu lita 180 za mafuta, na hutumia lita 30 hadi 35 kwa saa. Maana yake rubani ana saa nne au zaidi za kuzunguka, kupumua, kumsikiliza mwalimu na kuchagua uwanja bora. Muda huo pia hupunguza mafuta, na mafuta yakipungua hatari ya moto nayo inapungua. Ndege ndogo hizi hazina bomba la kumwaga mafuta angani, kwa hiyo njia pekee ni kuyachoma kwa kuruka.

Tano, chagua pa kutua. Rubani anatafuta njia ndefu na pana, yenye zimamoto na gari la wagonjwa. Ikiwezekana anachagua uwanja ambao upepo unavuma sawasawa na njia, usimsukume upande ambao hauna gurudumu.

Sita, andaa ndani ya ndege. Mikanda inakazwa, vitu vyote vilivyolegea vinafungwa au kuwekwa chini, na mlango unaachwa wazi kidogo kabla ya kugusa ardhi ili usije kubanwa mwili wa ndege ukipinda.

Saba, tua. Tuseme gurudumu lililotoka ni la kulia, kama kule Beverly. Rubani anashuka taratibu, anagusa kwa gurudumu la kushoto kwanza, na anaendelea kulishikilia bawa la kulia juu kwa usukani. Wakati ndege bado ina mwendo, bawa linatii. Mwendo ukipungua, linalegea na kushuka, kisha mguu uliobaki bila gurudumu unakwaruza ardhi na ndege inavutwa kulia. Kwa sababu anajua itavuta kulia, anatua upande wa kushoto wa njia ili abaki na nafasi.

Akishakuwa na uhakika kwamba atafika kwenye njia, hukata mafuta na kuzima injini na umeme. Ndege ikisimama tu, anatoka na kwenda mbali nayo.

Kama lililotoka ni gurudumu la mbele, anatua kwa magurudumu mawili makuu na kuishikilia pua juu kadiri inavyowezekana, kisha aishushe taratibu mwendo ukiwa mdogo.

SAUTI KWENYE REDIO

Kule Beverly, mwalimu wa yule msichana alizungumza naye kwa redio na kumpa maelekezo moja moja. Sisi tunaofanya kazi ya kipaza sauti tunaelewa uzito wa jambo hilo. Mtu mwenye hofu hasikii sentensi ndefu. Anasikia jambo moja, analifanya, ndipo anaweza kupokea la pili.

Mara nyingi shule za urubani na waongoza ndege hufanya hivyo: humtafuta mtu ambaye sauti yake mwanafunzi anaifahamu. Huyo hawezi kushika usukani kwa niaba yake. Anachoweza ni kumkumbusha kwamba yote yanayohitajika ameshafundishwa: mwendo uleule, kimo kilekile, mzunguko uleule aliourudia mara nyingi akiwa na mwalimu. Kilichobadilika ni sekunde za mwisho.

NDEGE ZENYE MAGURUDUMU YANAYOKUNJWA

Baadhi ya ndege ndogo, kama Piper Arrow, huingiza magurudumu ndani zikiwa angani. Mwanafunzi aliyesonga mbele huzitumia kujifunza. Hizi zina matatizo yake: magurudumu yanaweza kukataa kushuka, au kushuka bila kujifunga. Rubani huangalia taa tatu za kijani, moja kwa kila gurudumu. Taa moja isipowaka, hajui kama gurudumu limekwama au balbu imeungua, kwa hiyo huanza na balbu.

Zikikataa kweli, ipo njia ya dharura. Kwenye Piper Arrow mtambo wa kuyanyanyua unaachiliwa na magurudumu yanashuka kwa uzito wake yenyewe. Kwenye aina nyingine rubani hupiga pampu ya mkono. Njia zote zikishindikana, hutua kwa tumbo.

HATA NDEGE KUBWA

Jambo hili limetokea pia karibu na kwetu. Oktoba 2019 ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliruka kutoka Lodwar, kaskazini mwa Kenya, na gurudumu moja la nyuma likaanguka wakati wa kuruka. Rubani alielekea Eldoret, ambako kuna uwanja mkubwa zaidi, akatua salama. Dash 8 ina magurudumu mawili kwenye kila mguu, kwa hiyo likitoka moja, jingine linabaki. Ndege ndogo ya mafunzo haina akiba hiyo.

WEWE ULIYE KARIBU NA KIWANJA

Vijiji vingi vya Afrika Mashariki vina kiwanja cha changarawe au cha nyasi, ambako ndege za madaktari, za watalii na wakati mwingine za mafunzo hutua. Viwanja hivyo vingi havina mnara. Hakuna mtu mwenye darubini. Mwenye macho hapo ni mchungaji, mkulima, mwanafunzi anayekwenda shule.

Ukiona kitu kimeanguka kutoka kwenye ndege:

- Piga simu mara moja. Nchini Tanzania polisi ni 112, na Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kama una namba ya msimamizi wa kiwanja, anza naye. Huna salio la kutosha au simu imezima? Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtu yeyote mwenye simu.
- Sema ulichoona, saa ngapi, na ndege imeelekea wapi.
- Kama uliweza kusoma herufi ubavuni mwa ndege, zitaje. Ndege za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X.
- Usikiokote kupeleka kwa wauza vyuma chakavu, na usikigeuze gurudumu la mkokoteni. Kipande kilichokatika ndicho kinachowaonyesha wachunguzi kwa nini kilikatika, na pengine kuna ndege nyingine yenye bolti kama hiyo.

Ukiona ndege imetua vibaya karibu nawe:

- Usiikaribie kutoka mbele. Panga lake huua, na linaweza kuwa bado linazunguka kwa kasi hata usilione. Ngoja lisimame kabisa.
- Usivute sigara wala kuwasha kitu. Mafuta ya ndege ndogo nyingi ni jamii ya petroli na hushika moto haraka. Usikinge mafuta yanayovuja. Tumeshapoteza watu wengi barabarani kwa kuchota mafuta.
- Wasaidie watu kutoka na kwenda mbali. Aliyeumia mgongo au shingo usimvute, isipokuwa kama kuna moto.
- Usiondoe wala kuhamisha kipande chochote baada ya watu kuokolewa.

Msaada wa wanakijiji si jambo dogo. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, ilikuwa na watu 43. Waliofika wa kwanza kwa mitumbwi ni wavuvi. Watu 19 walifariki na 24 wakapona.

Na kabla ya ajali yoyote, kiwanja chenyewe kinahitaji ulinzi wenu. Jiwe la ukubwa wa ngumi linatosha kuumiza gurudumu la ndege ndogo. Msianike mihogo kwenye njia ya kurukia, msichimbe mchanga pembeni yake, na mifugo iondolewe mapema ndege inaposikika.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Kwa nini rubani asiruke na parachuti?
Kwa kawaida ndege za mafunzo hazibebi parachuti za kuvaa. Hata zingekuwepo, kutua na ndege isiyo na gurudumu moja kwenye njia nzuri ni salama kuliko kuruka nje.

Si bora atue majini au kwenye matope laini?
Hapana. Kwenye ardhi laini mguu huchimba na ndege inaweza kupinduka. Majini nako ni hivyo hivyo. Lami ngumu huiacha ndege iserereke, na zimamoto wako jirani.

Je, hawamwagi povu kwenye njia?
Zamani ilifanyika. Siku hizi kwa kawaida haifanyiki. Zimamoto huweka povu lao tayari kwa ajili ya moto, kama ukitokea.

Inakuwaje mtoto wa miaka 17 aachiwe ndege peke yake?
Nchini Marekani mwanafunzi anaruhusiwa kuruka peke yake akiwa na miaka 16, na kupata leseni ya rubani binafsi akiwa na 17. Mwalimu humwachia baada ya kuridhika kwamba anaweza kuruka na kutua bila kusaidiwa. Kabla ya hapo huwa wametua pamoja mara nyingi.

Ndege yenyewe hupona?
Wakati mwingine hutengenezwa. Panga likigonga ardhi injini ikiwa inazunguka, injini hufunguliwa na kukaguliwa, na gharama yake ni kubwa. Ndiyo maana wengine hujaribiwa kuinusuru ndege. Walimu wazuri huwaambia wanafunzi wao mapema: ukishajua kwamba gurudumu halipo, ndege hiyo si kazi yako tena. Kazi yako ni watu waliomo ndani.

MWISHO

Msichana wa Beverly alikuwa na mambo matatu upande wake: mafunzo aliyopewa, mafuta ya kumpa muda, na mtu aliyeona gurudumu likianguka akasema. Mawili ya kwanza ni kazi ya shule na rubani. La tatu linaweza kuwa lako, ukiwa shambani, ndege inapopita juu na kitu kikadondoka. Weka namba 112 kwenye simu yako, na ukiona, piga.